Vichwa vya treni viko Nairobi, majina ni ya Bongo



Juzi kijiweni dogo mmoja kaniuliza, "Bro, hivi treni la moshi lilikuwaje?" Nikamfungulia picha kwenye intaneti. Picha zenyewe zote za Nairobi! Ndo nikaanza kuwaza.

Jirani na stesheni ya zamani ya Nairobi kuna makumbusho ya reli, yalifunguliwa 1971. Humo vimo vichwa viwili vya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, namba 5918 na 5930. Vilitengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956. Kimoja kina tani zaidi ya 250! Kwenye reli ya upana wa mita moja, hakuna kichwa cha mvuke duniani kilichokuwa na nguvu kuvizidi. Kazi yao ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi.

Vilikuwa 34, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Leo vimebaki 2 tu. Majina yake? Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko kule Ziwa Natron, Shengena uko Upare, wilaya ya Same. Yote miwili ya kwetu! Hapohapo kuna namba 3020, kinaitwa Nyaturu, jina la ndugu zetu wa Singida.

Najua kuna watakaosema tumeibiwa. Mimi sikubali. Reli ilikuwa ya pamoja mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977, na Garratt hizo zilikuwa zinapiga kazi Kenya. Wenzetu walipata akili mapema ya kusema, "hiki tusikikate." Basi.

Tuje kwetu sasa. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, ilifunguliwa 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, mji ukakua. Hiyo si historia? Waliofanya kazi enzi za mvuke sasa ni vikongwe, kila msiba unaondoka na stori zake.

Na muda hautusubiri. Treni ya umeme ilianza safari Dar hadi Dodoma 2024. Ni jambo zuri, sipingi. Ila reli mpya ikija, vya zamani vinageuka chuma chakavu. Chuma unakiuza mara moja tu, hela inaliwa, imekwisha.

Ombi langu kwa wakubwa wa reli: tengeni hata behewa moja pale stesheni ya Mpanda, watoto walione. Na sisi vijana, simu tunazo. Mrekodi babu yako wiki hii, usingoje serikali.

Kama mzee wako alifanya kazi reli, tupia stori yake hapo chini.

Naomba kuwasilisha.