Rula Huanzia Mtumbwini

Semina zimekuwa nyingi. Mtaalamu anateremka kwenye gari la mradi, anatundika bango chini ya mwembe, anatuambia sisi wavuvi wa Ziwa Victoria kwamba sangara wamepungua. Jamani! Nani alijue hilo kuliko mtu aliyekesha majini akarudi na samaki wasiotosha hata kurudisha pesa ya petroli? Tunajua kwamba kokoro linakomba mpaka vifaranga. Nyavu za timba nazo tunazijua, haziachi kitu. Ambalo hakuna semina iliyowahi kutueleza ni kwa nini gharama ya kumwokoa samaki huyu tumebebeshwa sisi, tunaopata kidogo kuliko wote kwake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mtumbwi, injini na nyavu ni vya tajiri. Samaki wakiuzwa hutolewa kwanza petroli, barafu na chakula, kisha tajiri anachukua fungu lake, ndipo vijana tunagawana kilichobaki. Naye tajiri alishakopeshwa na wakala anayenunua samaki, kwa hiyo bei anapanga wakala. Katika hali hiyo tunaambiwa sangara wa chini ya sentimita 50 ni haramu. Sawa, sheria ni sheria. Lakini wavu una macho na hauoni. Akishanasa na kufa, kumtupa hakumfufui. Na hata akiwa hai, nikimwacha leo kesho atakuwa kwenye mtumbwi wa jirani, pengine wa Uganda au Kenya, maana ziwa ni moja na serikali ni tatu. Wachumi wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1950: kitu cha wote, kila mmoja hukikimbilia kabla ya mwenzake. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kukitunza kitu kama hicho, wakiachiwa kupanga kanuni zao na kusimamiana. Sisi tumepewa vikundi vya kusimamia mwalo, BMU, ambavyo kazi yake kubwa, kwa tunavyoona hapa mwaloni, ni kuripotiana. Ushuru unakwenda halmashauri.

Halafu kuna bondo. Kwa msiolijua, ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara. Hukaushwa kisha husafirishwa hadi Hong Kong na China, huko linapikwa supu ya wenye nazo. Kilo ya bondo kavu inaizidi mbali kilo ya minofu. Mnunuzi wake humjui kwa gari wala kwa suti. Utamjua kwa namna anavyoliinua bondo juu kulielekeza kwenye jua, macho ameyafinya, anatafuta doa la damu. Akiliona, bei inashuka daraja papo hapo na hakuna rufaa. Asipoliona, anauliza ukubwa. Hapo ndipo penye mambo: bei haifuati uzito peke yake. Bondo moja kubwa lina thamani kuliko madogo kadhaa yenye kilo zilezile. Na sangara mkubwa mara nyingi ni jike, mwenye mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo rula ya sentimita 50 inamlinda mtoto huku soko likitulipa tumuue mama. Mabango yote tuliyotundikiwa mwembeni yamejaa picha za samaki wadogo. La bondo hatujaliona.

Operesheni ya kupambana na uvuvi haramu ya mwaka 2018 wengi hapa hawajaisahau. Nyavu zilirundikwa ufukweni zikachomwa, na waliokuwa na madeni wakabaki na madeni. Zilikuwa haramu, hatubishi. Ila wavu hauoti kwenye matete. Kuna kiwanda kilichoufuma, kuna mpaka au bandari uliyopitia, kuna duka lililouuza. Msako ulikuwa na nguvu sana kwetu, kwa sababu sisi hatuna geti wala wakili. Mwaka huohuo rula ilipotea njia ikafika hadi kantini ya Bunge, Dodoma, samaki wakapimwa wakiwa wameshapikwa, na waheshimiwa wakaja juu. Tuliwaelewa kabisa. Tofauti ni kwamba sisi hatuna Spika wa kuja juu kwa niaba yetu.

Mama zetu wa dagaa nao wana lao. Siku hizi dagaa ndiye anayeongoza kwa uzito wa mavuno ya ziwa hili, na wanaomwanika ni wao. Wameambiwa waache kuanika mchangani, watumie vichanja. Wavu wa kichanja unanunuliwa, na mikopo ya kuununulia ina masharti ya watu wenye hati za nyumba. Msimu wa mvua dagaa wanaoza, au wanauzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Kuku wa mjini anakula dagaa. Mtoto wa kisiwani anakula mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya. Na mapanki yenyewe yamepanda bei.

Mzani ndio unaotuchefua kila asubuhi. Unaning'inia upande wa mnunuzi, uso wake umemtazama yeye. Kabla hajataja kilo, ameshakata “za maji”, kana kwamba tulikuwa tunawamwagia samaki maji njiani ili tumwibie yeye. Ukiuliza, unaambiwa peleka kwingine, na kwingine ni saa tatu kwa injini, barafu imekwisha. Leseni ya chombo tumelipia, ya uvuvi tumelipia, ushuru tumetoa na risiti tunazo. Kama kuna pesa ya kununulia rula, basi ipatikane na ya mzani mmoja wa umma, utundikwe katikati ya mwalo, wasomaji wawe wawili, mmoja wetu na mmoja wao.