Mawe ya Manda na Vyungu vya Shanga

Mtoto akimwuliza mamake, "Je, sisi ni wageni hapa pwani?", ajibiwe nini? Wanahistoria wenyewe hawakuafikiana. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, alitazama zaidi majengo ya mawe na vyombo vya kutoka Ghuba ya Uajemi, akahukumu kwamba miji yetu ilianzishwa na wahamiaji wa ng'ambo. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa alikuta mabaki ya misikiti mingine, mmoja juu ya mwenziwe, ya awali ikiwa ya miti, tangu karne ya 8. Na hata katika tabaka za chini kabisa, vigae vingi ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa (na wafinyanzi, kwa desturi yetu, ni wanawake).

Si kwamba Chittick alisema uongo. Na watu wa ng'ambo tulifanya biashara na tukaoana. Lakini hukumu yake imetumiwa kutunyima wenyeji wetu. Basi mwana arudipo na kitabu cha historia, kisomeni pamoja naye, mkaulize: mwandishi huyu alitazama jumba, au chungu pia?