Anikeni Mishahara ya Vigogo wa Umeme



Kila ukifika mwisho wa mwezi wa tatu, huku Ontario, Kanada, ninakobeba maboksi mwaka wa kumi na saba sasa, serikali ya jimbo huanika mishahara. Wala si fununu za vijiweni, ni orodha rasmi. Jina la mtu, cheo chake, ofisi yake, alicholipwa mwaka uliopita, na marupurupu yanayotozwa kodi. Sheria ilipitishwa mwaka 1996: kila anayelipwa na umma dola 100,000 au zaidi kwa mwaka anatajwa, awe mkuu wa polisi au fundi wa mtambo wa umeme. Jirani yangu ni fundi katika mtambo wa nyuklia. Nimemsoma humo. Bado tunasalimiana, bado ananiazima koleo la theluji, na hakuna aliyekufa.

Sasa twende nyumbani. Mkurugenzi mtendaji wa TANESCO analipwa shilingi ngapi kwa mwezi? Na yule wa EWURA anayekaa kupima bei ya umeme je? Wa TPDC? Wa REA? Ukifungua hesabu zilizokaguliwa za shirika utakuta malipo ya viongozi wakuu yamewekwa kwa mkupuo, jumla moja, bila kuambiwa nani kabeba nini. Na shirika lenyewe ni la serikali kwa asilimia mia. Yaani mwenye duka haruhusiwi kujua anamlipa nini muuza duka wake!

Najua kuna atakayeniambia, wewe uliyekimbilia ulaya umeme wetu unakuhusu nini. Unanihusu. Dada yangu anauza barafu na juisi Morogoro, na kila wiki ananunua umeme wa LUKU kwa hela anayoitoa kwenye barafu hiyohiyo. Wiki mbaya, hela inatoka kwangu. Kwa hiyo sehemu ya jasho langu la ghalani inaishia kwenye mfuko unaolipa mishahara hiyo, na mie kama mlipaji nadai risiti.

Jamani, tukumbushane tumekuwa tukijua mambo haya kwa njia gani. Mwaka 2011 tulipata habari za Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini kuandikia taasisi zilizo chini yake zichange shilingi milioni 50 kila moja ili bajeti ipite, kwa sababu mbunge aliipata barua na kuisoma Bungeni. Barua isingevuja, tungekuwa tumelala. Mwaka 2016 Hayati Rais Magufuli, akiwa Chato, akasema wapo wakuu wa mashirika ya umma wanaovuta hadi milioni 40 kwa mwezi, na kwamba mwisho sasa ni milioni 15. Watu wakashangilia. Mwaka uliofuata akataja hadharani mshahara wake mwenyewe, milioni 9. Nilimheshimu kwa hilo, na nasema hivyo japo si mpenzi wake. Lakini angalieni: tulijua kwa sababu mtu mmoja siku hiyo aliamua kusema. Ametangulia mbele ya haki mwaka 2021, na hakuacha sheria inayomlazimu mwingine yeyote kufungua mdomo.

Mwisho wa mwaka 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, EWURA ikaruhusu asilimia 8.53, ianze Januari mosi 2017. Serikali ikaizuia na mkurugenzi mtendaji akaondolewa siku ileile bei ilipokuwa ianze. Mabishano yalikuwa makubwa, kila mtu mchumi. Mwananchi aliyeitwa kwenye kikao cha wadau kutoa maoni aliambiwa gharama ni kubwa. Gharama zipi? Mafuta ya mitambo, sawa. Deni, sawa. Na mishahara na posho za makao makuu? Hapo hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Alichoweza ni kulalamika tu, na malalamiko hayana namba.

Huku namba zinafanya kazi. Mwaka 2013 Mkaguzi Mkuu wa Ontario aliichambua Ontario Power Generation, shirika la jimbo la kufua umeme. Akakuta kati ya 2005 na 2012 wafanyakazi wote kwa jumla wamepungua kutoka kama 12,100 hadi kama 11,100, lakini wakurugenzi na mameneja wa juu wameongezeka kutoka 152 hadi 238. Someni tena. Wanaofanya kazi wanapungua, wanaowasimamia wanaongezeka kwa karibu asilimia 57! Vigogo watatu wakaonyeshwa mlango, akiwemo mkuu wa fedha. Mkaguzi alikuwa na mamlaka ya kuingia ndani, lakini wananchi walikuwa wameisoma orodha miaka nenda rudi, na hoja haikuweza kuzikwa.

Tena muone na ujanja wao. Mwaka 2015 hisa za Hydro One, shirika la kusafirisha umeme, zilianza kuuzwa kwa watu binafsi, na majina ya wafanyakazi wake yakatoka kwenye orodha. Sheria za soko la hisa zikabaki kuwabana wakubwa wachache tu wa juu, na hao wachache walitosha: malipo ya mkurugenzi mkuu kwa mwaka 2017 yalikuwa dola milioni 6.2. Uchaguzi wa 2018 ukageuka kampeni juu ya mtu huyo, na Julai mwaka huo akaondoka, bodi nzima ikafuata. Kwa hiyo ndugu zangu, siku mkisikia nyumbani mtu anasema shirika "liendeshwe kibiashara", muulizeni kwanza kama daftari la mishahara nalo linaondoka.

Pingamizi nazijua. Ya kwanza, ndugu watamvamia. Hii inanichekesha. Sisi wabeba boksi mishahara yetu hamuijui na bado simu hazikatiki usiku! Ya pili, usalama wake na majambazi. Hii nzito kidogo, siicheki. Lakini nyumba ya ghorofa na magari matatu havikusubiri orodha kumtangaza. Ya tatu, mainjinia watakimbia. Injinia anayekimbia huwa anakimbia mshahara mdogo, na anikeni na huo mdogo tuone tunavyowapunja vijana wanaopanda nguzo kwenye mvua huku wa makao makuu wakila posho za vikao. Mie sina ugomvi na mshahara mnono wa mtu anayejua kazi. Fundi wa laini akilipwa vizuri nitampigia makofi.

Kuna pingamizi moja yenye ukweli, na siifichi: huku imeonekana watu wakisoma orodha wanaanza kudai, fulani wa cheo changu kalipwa zaidi, nami niongezwe. Mishahara inaweza kupandishana yenyewe kwa yenyewe. Kukubali hatari hiyo ni nafuu kuliko giza tulilonalo.

Ninachodai ni kidogo. Bunge litunge sheria, Kenya wenzetu wameshaweka kwenye katiba yao ya 2010 tume ya mishahara na viwango vya maofisa wa serikali vinachapishwa kwenye gazeti la serikali. Sisi tuanze na sekta ya nishati kwa sababu ndiko tulikoumwa zaidi, kuanzia IPTL mpaka Richmond mpaka Escrow. Wakurugenzi, wajumbe wa bodi na mameneja watajwe kwa majina. Walio chini yao watajwe kwa vyeo tu, inatosha. Na msituletee mshahara mtupu! Leteni posho ya kikao, nyumba, mafuta ya gari, safari, bonasi na kiinua mgongo, maana kwetu mshahara ni mlango tu, chumba chenyewe ni posho.

Na tarehe tunayo tayari. Mwisho wa Machi CAG humkabidhi Rais ripoti yake, na mwisho wa Machi hiyohiyo huku orodha inatoka. Iwekeni orodha yetu nyuma ya ripoti ya CAG, kurasa chache tu, iende Bungeni mwezi wa nne pamoja nayo. Wabunge mnaosoma haya, na najua mpo, mnaweza kuuliza swali la nyongeza kikao kijacho. Nani ataanza?

Naomba kuwasilisha.