Mafuta ya korosho yakimbabua mtoto, usikimbilie magadi

Msimu wa korosho ukifika Masasi na Newala, kuanzia Oktoba, kaya nyingi huchoma na kubangua chache za kula nyumbani. Watoto huwa hawakosi. Ndipo mikono na midomo inapobabuka.

Ganda la korosho lina mafuta mazito yenye asidi ya anakadi na kemikali iitwayo kadoli. Yakishika ngozi huleta malengelenge, kisha doa jeusi.

Mzazi akisikia neno asidi hukumbuka somo la kemia. Kipimo cha pH kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Chini ya hapo ni asidi: limau hukaribia 2, maji ya betri hushuka zaidi. Juu ya hapo ni besi: magadi, maji ya majivu, na kostiki soda ya kutengenezea sabuni, inayofika 13 hadi 14. Kila namba moja ni tofauti ya mara 10, hivyo asidi ya pH 2 ina ukali mara 10 ya ile ya pH 3.

Basi wengine husema: kama ni asidi, tupake magadi iishe nguvu. Darasani ni kweli, asidi na besi huvunjana nguvu, lakini kwa kipimo. Kwenye ngozi hakuna anayepima. Asidi kali ikikutana na besi hutoa joto, na besi kali huunguza kama moto.

Zaidi ya hapo, asidi ya anakadi ni dhaifu. Haibabui kwa sababu ya pH. Inaumiza kwa kuwa ni mafuta yanayonata na kuchokoza ngozi, kama utomvu wa mwembe, ndugu wa mkorosho. Wabanguaji hupaka majivu au mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kazi ili ya ganda yasishike. Hiyo ni kinga, si dawa.

Mtoto akipata mafuta hayo, yafute kwa kitambaa kikavu, kisha muoshe kwa sabuni na maji mengi, maana maji peke yake hayaondoi mafuta. Mbadilishe nguo. Usitumbue malengelenge.

Yakiingia machoni, usitumie sabuni: tiririsha maji safi dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Maji ya betri au kostiki vikimwagikia ngozi, fanya vivyo hivyo.

Akimeza kostiki, usimtapishe wala usimpe limau "kuivunja nguvu". Mwahishe hospitali, na chukua chombo alichonywea.

Maji uwandani Newala ni ya shida, tunajua. Hata hivyo, weka ndoo moja yenye mfuniko, na sabuni, kabla hujawasha moto wa korosho. Na kostiki isikae kamwe kwenye chupa ya soda.