NJIA NI YA NANI?

Wanachama wenzetu,

Hapana mwenye akili achukiaye njia njema. Sisi makarani ndio wa mwisho kuichukia, maana uhamisho na likizo hutusafirisha sana, nasi twaijua taabu ya kufika mji mgeni usiku pamoja na watoto na masanduku. Walakini husemwa siku hizi ya kwamba njia kubwa ikipita katika nchi, basi nchi yote imeendelea. Neno hili twalikana, na ushahidi wetu ni reli ya Mombasa na Nairobi.

Reli ya kwanza ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Nia yake haikuwa kumpeleka Mkamba sokoni wala Mtaita kwa jamaa zake. Nia ilikuwa kuifikia Uganda. Lakini gari la moshi lilihitaji maji na kuni, likalazimika kusimama mara kwa mara. Na pale liliposimama palizuka duka, soko na kazi. Nairobi yenyewe ilianza hivyo mwaka 1899. Mwafrika kwa desturi alitiwa daraja ya tatu, lakini walau alikuwa na pa kupandia.

Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, urefu wake kilomita 472, kwa mkopo mkubwa kutoka China. Mwaka huohuo treni ya zamani ya abiria katika njia hiyo ilikomeshwa. Safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa tano au sita, nasi twashukuru. Bali tazameni: kati ya miji hiyo miwili stesheni za abiria ni saba tu, na treni ya haraka hupita nyingi pasipo kusimama. Ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa. Ya Nairobi iko Syokimau, mbali na mjini. Nauli ya daraja ya chini ilianza kwa shilingi 700. Mwaka 2024 ikapandishwa hata 1,500. Ni karani gani ambaye mshahara wake umezidi mara mbili katika miaka hiyo saba?

La mizigo ni zito zaidi. Deni lilitaka kulipwa, na reli ilitaka kujazwa. Kwa hiyo mwaka 2019 ikatolewa amri ya kwamba mizigo ya Nairobi na ya bara iondoke bandarini kwa reli. Watu wa Mombasa wakaandamana, na haki walikuwa nayo: dereva, fundi wa magurudumu, mama auzaye chakula pale Mariakani na Mtito Andei, na makarani wenzetu wa mizigo, wote waliishi kwa malori yale. Mwaka 2022 serikali mpya iliagiza kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Kalamu ilifunga, kalamu ikafungua. Lakini riziki iliyopotea katikati haina mlipaji.

Wako watakaotuuliza, “Je, mwataka treni isimame kila penye mbuyu?” La. Twataka mambo matatu. Kwanza, treni ya vituoni ihesabiwe kuwa haki ya wakaao kando ya reli, isiwe sadaka. Pili, nauli ya daraja ya chini ipimwe kwa mfuko wa mpandaji, si kwa haja ya deni pekee. Tatu, watu wa njiani waulizwe kabla ya amri kutiwa sahihi, wasiambiwe baada yake.

Wala tusijitoe lawamani. Barua za mambo haya hupita mikononi mwetu. Twazipiga mhuri, twazitia katika faili, kisha twapanda treni kwenda mkutanoni tukiusifu mwendo wake. Aisifuye mvua imemnyea. Lakini yuko mtu wa Kibwezi aionaye mvua ikinyesha upande wa pili wa waya, shamba lake kavu. Yatupasa kila mmoja, aitwapo kutoa maoni, aandike swali moja pasipo hofu: njia hii itasimama wapi, na nani atamudu kuipanda? Asiyeuliza hayo ameandikia wapitao, amewasahau wakaao.

Ni sisi wenzenu katika kazi.