Kabla ya dawa ya uzazi, mume naye apimwe

Mama wa Kilwa Kisiwani anayetafuta mtoto hakosi washauri: huyu uwatu, yule habasoda. Siku hizi zimeongezeka dawa za Ayurveda, tiba asili ya India, zinazodaiwa kupevusha yai. Viungo vya jikoni sina ugomvi navyo. Ninachokiogopa ni dawa usiyojua ndani yake kuna nini. Mwaka 2012 idara ya afya ya New York iliripoti wajawazito 6 waliokutwa na madini ya risasi katika damu baada ya kutumia dawa za Ayurveda. Risasi humdhuru mtoto tumboni.

Tena hakuna mitishamba iliyothibitishwa kuzibua mirija iliyoharibiwa na kisonono, wala dawa anayokunywa mke haiongezi mbegu za mume. Mkikutana mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, au miezi 6 ikiwa mama amefikisha miaka 35, pandeni mashua pamoja, mvuke hadi Kilwa Masoko mkaanze uchunguzi. Dawa mnayotumia ibebeni, mganga aione. Kumpima mume ni rahisi kuliko kumwita mkewe tasa miaka kumi.