Elfu Ishirini na Tano ni Shilingi Ngapi?



Swali lililo juu ya ukurasa huu laonekana kuwa la mtoto wa darasa la pili. Hata hivyo, litazameni kwa makini. "Elfu ishirini na tano" yaweza kuwa 25,000, na yaweza kuwa 20,005. "Elfu mia mbili na tano" yaweza kuwa 205,000, na yaweza kuwa 200,005. "Milioni kumi na tano" yaweza kuwa 15,000,000, na yaweza kuwa 10,000,005.

Sokoni neno hili halileti ugomvi, kwa maana bidhaa iko mbele ya macho na noti ziko mkononi. Lakini karatasi ya mapatano haina macho wala mikono. Itakapofunguliwa miaka kumi baadaye mbele ya baraza au hakimu, wakati baadhi ya waliokuwapo wamekwisha kufa na wengine wamehama, itasema kile tu kilichoandikwa. Na kama kilichoandikwa chasema mambo mawili, ni nani atakayechagua mojawapo? Aghalabu ni yule mwenye fedha za wakili, mwenye nauli ya kwenda mjini kila kesi inapotajwa, mwenye muda wa kungoja. Mjane hana hayo. Kibarua hana hayo. Ndiyo maana twasema bila kusita: maandishi yenye maana mbili ni mali ya mwenye nguvu.

"HAYO NI MAMBO YA WALIMU"

Wapo wanaotucheka. Husema kwamba mkato, nukta na namna ya kuandika hesabu ni mambo ya walimu wa shule, na kwamba Tume ya Haki na Amani ingefaa kushughulika na mambo makubwa: ardhi, mishahara, rushwa. Twawajibu: hayo makubwa hupitia wapi, kama si katika karatasi? Ardhi huhama kwa hati. Mshahara hupunjwa katika mkataba. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, yule wakili asiye mwaminifu hakuvunja ghala la bwana wake usiku. Aliwaita wadeni, akawaambia waketi waandike upya: vipimo 100 vya mafuta vikawa 50, vipimo 100 vya ngano vikawa 80. Mali nyingi ilihama kwa kalamu tu, na hapakusikika kelele.

Tena nchi yetu inayo kumbukumbu yake yenyewe. Mwezi Novemba na Desemba mwaka 1884, Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami akiwatia watawala alama katika karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Mnamo tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo kwa nguvu ya karatasi hizo. Waliotia alama hawakuweza kusoma walichokitoa. Je, yule anayetia dole gumba leo katika mkataba wa mkopo asiouelewa, hali yake yatofautianaje na yao?

KISWAHILI HAKINA KOSA

Tusikilaumu Kiswahili. Katika lugha yetu maneno elfu, laki na milioni hutangulia hesabu yake, na kwa hiyo kinachofuata baada ya "na" chaweza kushikamana na elfu, au chaweza kusimama peke yake. Lugha yenyewe inayo dawa. Ukitaka 25,000, andika "ishirini na tano elfu". Ukitaka 20,005, andika "elfu ishirini na shilingi tano". Ukitaka 205,000, andika "laki mbili na elfu tano". Wafanyabiashara wetu wa zamani walilijua jambo hili, ndiyo maana tukarithishwa methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine watasema: tarakimu zipo kando ya maneno, hizo zatosha. La hasha. Sheria ya hati za malipo ya Waingereza ya mwaka 1882, ambayo ndiyo mama wa sheria za hundi katika nchi zetu, yaeleza kwamba maneno yasipopatana na tarakimu, kiasi kinacholipwa ni kile cha maneno. Sababu yake ni nzuri: tarakimu ni rahisi kuchezewa. Moja hugeuzwa nne, tatu hugeuzwa nane, na sifuri huongezwa mwishoni kwa mkono mmoja tu. Lakini tazameni tulipofika: sheria yayategemea maneno, nasi twayaandika maneno yanayosomeka kwa njia mbili. Ngome tuliyopewa twaiacha wazi wenyewe.

Na jambo hili lazidi uzito mwaka hata mwaka. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Twashangilia. Lakini haki haiji kwa lugha kubadilika tu. Mkataba wa Kiswahili ulioandikwa ovyo wamdhuru maskini sawasawa na ule wa Kiingereza asioujua. Tena pengine zaidi, kwa kuwa adhani ameuelewa.

MKATO MMOJA, RIBA YA MWAKA MZIMA

Chukueni maneno haya, ya namna inayoonekana katika mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu": "Mdaiwa atalipa deni na riba shilingi 40,000 kila mwezi." Je, 40,000 ni deni na riba vikiwa pamoja? Au deni lalipwa lote kwa mara moja, na juu yake riba ya 40,000 kila mwezi mpaka siku hiyo ifike? Mama aliyekopa asoma la kwanza. Mkopeshaji atasoma la pili, naye ndiye anayeshika kadi ya benki au hati ya nyumba. Ingekuwa vigumu gani kuandika: "Mdaiwa atalipa 40,000/= kila mwezi, deni na riba vikiwa pamoja ndani yake, kwa miezi 12; jumla 480,000/="? Ni mstari mmoja tu. Asiyetaka kuuandika mstari huo anayo sababu, na sababu hiyo si haba ya wino.

Kadhalika "riba asilimia 10". Kwa mwezi, au kwa mwaka? Katika mkopo wa 500,000/=, tofauti yake kwa mwaka mmoja, hata bila kuhesabu riba juu ya riba, ni kati ya 50,000/= na 600,000/=. Na "asilimia 3.5", ikinakiliwa kwa mashine mbovu hata nukta ikafutika, yawa 35. Basi iandikwe pia kwa maneno: tatu nukta tano kwa mia, kwa mwezi.

Wosia nao una mitego yake. Baba aandika: "Wanangu na wajukuu wanaoishi shambani hapa wagawiwe ekari 6." Je, mwana aliyehamia Dar es Salaam ana sehemu? Kama baba alikusudia wana wote, na wajukuu wa shambani peke yao, alihitaji mikato miwili: "Wanangu, na wajukuu wanaoishi shambani hapa, wagawiwe ekari 6." Ndugu wa tumbo moja wameacha kusalimiana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Wala msidhani kwamba haya huwapata wasiosoma tu. Roger Casement, yule balozi mdogo wa Uingereza ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya watu wa Kongo chini ya mfalme Leopold, alishtakiwa huko London mwaka 1916 kwa uhaini, kwa matendo aliyoyafanya Ujerumani. Utetezi wake ulisimama juu ya swali hili: maneno ya sheria ya mwaka 1351, iliyoandikwa zamani kwa Kifaransa cha Kinormani, yakatwe wapi yanaposomwa, ili ijulikane kama yagusa matendo ya nje ya nchi? Mahakimu walikataa usomaji wa watetezi wake, naye akanyongwa tarehe 3 Agosti mwaka huo. Tangu hapo husemwa kwamba alinyongwa kwa sababu ya mkato.

VIPIMO NA NUKTA VINAPOVUKA MIPAKA

Kijijini watu huhesabu kwa ekari. Mwekezaji huandika kwa hekta, na mara nyingi huandika herufi mbili tu, "ha". Hekta moja ni ekari 2.47. Kijiji kinachodhani kimetoa ekari 100, kumbe karatasi yasema hekta 100, kimetoa ekari 247. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hekta 250 kuwa mpaka: ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa, isiyozidi kiasi hicho huamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na inayozidi hufika kwa Waziri. Hekta 250 ni karibu ekari 618. Mkutano usiojua tofauti hiyo wapiga kura juu ya ardhi usiyoijua ukubwa wake.

Nukta nayo hubadili maana njiani. Kwetu 1,500 ni elfu moja mia tano. Lakini jirani zetu wa Burundi na Kongo, waliosoma kwa mapokeo ya Kifaransa, waweza kuandika 1.500 kwa maana hiyohiyo, na mkato kwao hutenga sehemu ya desimali. Huko Omani, ambako binti zetu huenda kufanya kazi za nyumbani, rial moja ina baisa 1,000, na kwa hiyo 90.500 ni rial tisini na nusu, wala si tisini elfu na mia tano. Tena mkataba ukiwa na tarakimu za Kiarabu, tano yafanana na sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta tu. Binti asiyeelezwa hayo kabla ya kupanda ndege atayajua huko, akiwa hana wa kumlilia.

"SISI NI NDUGU, TUNAAMINIANA"

Hili ndilo pingamizi gumu kuliko yote, kwa kuwa limevaa vazi la upendo. Watu husema kwamba kudai maandishi kamili kati ya ndugu, au kati ya waamini wa kigango kimoja, ni dalili ya kutoaminiana.

Someni Yeremia, sura ya 32. Nabii alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mtoto wa ndugu wa baba yake. Walikuwa damu moja. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni. Kama kuna siku ambayo karatasi ingeweza kuachwa, ilikuwa siku hiyo. Lakini alipima fedha, shekeli 17 kamili. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi. Zikawa nakala mbili, moja imefungwa na moja i wazi. Akamwagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Ndugu alimwandikia ndugu kwa hesabu kamili, naye Mungu akaifanya hati ile kuwa ishara ya matumaini. Maandishi safi hayauui udugu. Huulinda, hata baada ya ndugu wenyewe kufa.

TUNACHODAI

Ninyi makatekista, wenyeviti wa jumuiya na wazee wa kanisa ndio mnaoitwa kila mara kuwa mashahidi. Saini ya shahidi si heshima ya kupewa soda, ni kiapo. Basi twawaomba msitie saini katika hati yoyote isiyotimiza haya:

1. Kila kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na maneno yasomeke kwa njia moja tu. Tarakimu zifungwe kwa alama ya /=, na maneno yafungwe kwa neno "tu". Nafasi tupu ipigwe mstari.

2. Riba itajwe kuwa ni ya mwezi au ya mwaka, na jumla yote itakayolipwa iandikwe.

3. Ardhi iandikwe kwa ekari na kwa hekta, pamoja na mipaka yake na majirani wa pande zote.

4. Mwezi uandikwe kwa jina lake, kwa maana 3/4 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa Mmarekani. Saa iandikwe pamoja na "asubuhi" au "usiku", kwa maana saa 2 yetu ni 8 ya Mzungu.

5. Kila sharti liwe na sentensi yake na namba yake. Sentensi ndefu yenye masharti matano ikatwe.

6. Hati isomwe kwa sauti mbele ya wote. Kisha yule aliye mnyonge kuliko wote, si mwandishi, aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Maelezo yake yakitofautiana na karatasi, karatasi iandikwe upya.

7. Kila upande uondoke na nakala yake siku hiyohiyo.

Mtaambiwa kwamba mnachelewesha mambo. Chelewesheni. Mtaambiwa kwamba mwanasheria ndiye ajuaye. Mwombeni basi aeleze. Ajuaye haoni taabu kueleza. Na mtu akikasirika kwa sababu tu ameombwa aandike "ishirini na tano elfu" badala ya "elfu ishirini na tano", rudisheni kalamu mezani, mwondoke bila kutia saini.